Jimny kwenye theluji ya Iceland, nje ya barabara: upepo wa matairi kwanza, nguvu ya injini baadaye

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Tangu niweke picha ya Suzuki Jimny yangu ikiwa imezama theluji hadi kwenye bampa, nimeulizwa mara nyingi jinsi gari dogo la injini ya lita 1.3 linavyoweza kupita mahali ambapo hata dalili ya barabara haionekani, nami nimeona ni heri nijibu hapa mara moja na kwa kirefu. Huu ni mwaka wangu wa saba Iceland, nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, na gari lenyewe ni la mwaka 2012, lile umbo la zamani, ambalo nililinunua likiwa tayari limeinuliwa kidogo na kufungwa matairi ya inchi 31 badala ya yale ya kiwandani ambayo kipenyo chake ni takribani inchi 26. Mimi si fundi wala mwalimu wa udereva. Haya ninayoyaandika mengine nilifundishwa na wenyeji, na mengine nilifundishwa na koleo.

Nianze na sheria, kwa sababu mtu anaweza kusoma kichwa cha uzi huu akaja huku na gari la kukodi akajiingiza matatani. Nchini Iceland kuendesha gari nje ya barabara ni kosa, kwa kuwa udongo wa volkeno ni mwepesi, na mimea laini inayotambaa juu ya mawe, ikishakanyagwa na tairi, huchukua miaka mingi kupona. Sheria ya uhifadhi wa mazingira, namba 60 ya mwaka 2013, imeacha mlango mmoja: mtu anaruhusiwa kupita juu ya mabarafu ya kudumu, na pia juu ya ardhi iliyoganda na kufunikwa na theluji nje ya makazi ya watu, ilimradi asiharibu kilicho chini yake. Kwa hiyo huku theluji ndiyo inayofungua nchi, si kuifunga. Majira ya kuchipua yanapofika na ardhi ikaanza kulegea, hata njia za nyanda za juu zenye namba rasmi hufungwa hadi zikauke. Wengi tunapenda kutoka kati ya mwezi wa pili na wa nne, wakati theluji imeshakaa na kugandamana na mchana umerefuka. Desemba jua la Reykjavik huonekana kwa muda wa saa nne hivi tu, na kukwama gizani kuna ladha yake mbaya.

Sasa nije kwenye kiini cha uzi. Mtu aliyezoea matope huamini kwamba siri iko kwenye injini na kwenye kuunganisha magurudumu manne. Nami niliamini hivyo majira yangu yote ya baridi ya kwanza. Ukweli ni kwamba theluji nzito haijali una farasi wangapi kwenye injini. Inachokipima ni uzito ulioubeba kwa kila sentimita ya mraba unayokanyaga. Hebu tupige hesabu. Gari langu likiwa na watu wawili, mafuta na vifaa lina kilo kama 1,300, yaani kila tairi linabeba kilo 325. Likiwa na upepo wa PSI 26 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya tairi), ambao ndio wa kawaida wa lami, tairi linagusa chini kwa eneo la karibu sentimita za mraba 180, sawa na kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ukishusha hadi PSI 10, eneo hilo kwa hesabu linakuwa sentimita 460. Ukishusha hadi PSI 6 linakaribia 770. Kiuhalisia huwa pungufu kidogo, kwa kuwa ukuta wa tairi nao ni mgumu na unabeba sehemu ya mzigo, lakini mwelekeo ndio huo. Linganisha na mtu mwenye kilo 80 pamoja na nguo zake, akiwa amesimama kwa mguu mmoja wenye buti: anakandamiza theluji kwa kiasi kinacholingana na PSI 5 hivi. Ndiyo maana gari la tani moja na zaidi, upepo ukishashushwa, linaweza kukandamiza theluji karibu sawa na dereva wake anaposhuka kwa miguu.

Kutokana na hesabu hiyo nimejiwekea kipimo changu mwenyewe. Kabla ya kuingia mahali nisipopajua, nashuka na kutembea. Nikizama hadi kifundo cha mguu, naingia. Nikizama hadi magotini, nageuza, maana Jimny yenye matairi ya ukubwa huu italalia tumbo baada ya mita chache. Wenyeji wenye magari makubwa hufunga matairi ya inchi 38 na zaidi na kushusha upepo hadi PSI 3 au hata 2, na humo hupita kama mtumbwi juu ya maji. Mimi sina matairi hayo, na sijifanyi ninayo.

Jambo la pili ni kwamba "theluji" ni jina moja lililobandikwa juu ya vitu vingi. Sisi tuna kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, na hakuna mtu wa pwani atakayekuletea koroma ukimwomba dafu. Watu wa Iceland wako hivyo kwenye theluji. Ile mpya, laini kama unga, wanaiita *mjöll*. Ile ya zamani iliyoganda ikawa ngumu wanaiita *hjarn*, na juu yake hata gari lenye upepo kamili hukimbia kama liko kwenye uwanja wa ndege. Inayopeperushwa na upepo chini chini, ikafuta alama za matairi yako ndani ya dakika kumi, ni *skafrenningur*. Inayonitisha kuliko zote ni *krapi*, uji wa theluji na maji, ambao hujificha mabondeni na juu ya vijito chini ya uso mweupe usio na doa. Gari likitumbukia humo haliteleziki wala halizungushi magurudumu; linakaa tu, na usiku ukiingia ule uji unaganda na kulishika kama saruji. Mahali palipo bonde bapa lenye rangi ya kijivu kidogo kuliko pembeni yake, mimi huzunguka hata kama mzunguko ni kilomita mbili.

Kuhusu uendeshaji wenyewe, Jimny ina chesesi na ekseli ngumu mbele na nyuma, na magurudumu manne huunganishwa kwa kuchagua. Ukishaunganisha, ekseli ya mbele na ya nyuma huzunguka kwa mwendo mmoja, kwa sababu hakuna difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli mbili zipishane mwendo. Ndiyo maana kwenye lami kavu gari hujikaza likikata kona, ila kwenye theluji hiyo ni neema. Natumia 4L, ile gia nzito, karibu safari nzima. Naondoka na gia ya pili badala ya ya kwanza, naachia klachi polepole, na mguu wa mafuta nauweka kana kwamba chini ya pedali kuna yai. Tairi likizunguka bure hata mizunguko miwili, linasugua theluji na kuipiga rangi ya kioo, na kutoka hapo hushiki tena. Basi mara tu mwendo unapokufa, simama, usilazimishe. Weka rivasi, rudi kwenye alama zako mwenyewe mita tano au kumi, kisha njoo tena mbele kwa upole. Utaongeza nusu mita. Rudi tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa mtindo huo nimewahi kuvuka tuta la theluji lenye urefu wa mita 60 kwa muda wa saa moja bila kugusa koleo.

Mteremkoni breki hazitumiki ila kwa dharura. Gia ya kwanza ndani ya 4L, mguu nje ya klachi, injini ishike gari. Jimny ni fupi mno, kati ya ekseli na ekseli ni milimita 2,250 tu, na ikifunga magurudumu ya nyuma hugeuka ubavu kabla hujatamka jina lako.

Nikiri kosa langu kubwa. Machi ya mwaka juzi nilikuwa nakata ubavu wa kilima upande wa Kaldidalur, njia inayopita kati ya Þingvellir na Húsafell, nikiwa na PSI 6, na nilipoona nateleza kuelekea chini nikakata usukani ghafla kuelekea juu. Tairi la mbele la upande wa chini likachomoka kwenye rimu, likajaa theluji. Jeki ilikuwa inazama kwa sababu sikubeba ubao wa kuiwekea. Mwenzangu wa gari la pili alinikopesha wake, tukakausha mdomo wa rimu kwa kitambaa, tukajaza upepo, tukamaliza saa mbili na nusu kwenye baridi ya nyuzi 9 chini ya sifuri. Upepo ukiwa chini, usukani unakatwa polepole na ubavu wa kilima unaepukwa. Nililijua hilo, nikalipuuza.

---

Mchangiaji kutoka Arusha

Mkuu, shukrani kwa uzi wenye nyama. Mimi ni dereva wa watalii, na kwenye udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika tunachokifanya ni kinyume na ulichoandika: unaingia na kasi, hukanyagi klachi, hushushi mguu mpaka utoke upande wa pili. Ukisimama katikati, umelala hapo. Je, kasi haisaidii kabisa kwenye theluji?

Mleta mada

Kaka, swali lako ni zuri na sikulieleza vizuri. Kasi inasaidia kwenye tuta fupi ambalo umeshalikagua kwa miguu na unajua kinachokusubiri ng'ambo yake. Hapo unarudi nyuma, unaingia kwa mwendo wa wastani na kuachia mafuta kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka bure. Tofauti na tope ni kwamba tope lina chini yake. Tairi lenye meno likichimba, mara nyingi hukuta udongo mgumu likashika. Kwenye theluji ya mita moja na nusu, ukichimba huendi kukuta chochote isipokuwa theluji zaidi. Jambo la pili ni mawe. Nyanda za juu za Iceland zimejaa mawe ya volkeno, na theluji huyafunika kwa usawa mzuri sana wa kudanganya. Gari lenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa likigonga jiwe kwa ekseli ya mbele, safari imekwisha, na huduma ya kuvutwa kutoka huko inaweza kugharimu kuliko gari lenyewe.

---

Mchangiaji aliyeko Norway

Nina mashaka kidogo na hoja ya eneo la tairi. Huku niliko, kila mtu anakwambia ununue matairi membamba kwa ajili ya majira ya baridi, kwa sababu tairi jembamba hukata theluji na kufika chini kwenye lami au changarawe. Sasa wewe unasema tairi lipanuke. Nani mkweli?

Mleta mada

Wote wawili, ndugu yangu, kwa sababu mnazungumzia mahali pawili tofauti. Barabarani theluji ni sentimita tano au kumi, na chini yake kuna kitu kigumu kinachostahili kufikiwa. Tairi jembamba lenye vyuma vidogo vilivyochomekwa kwenye mpira wake linafanya kazi yake barabara. Hata hapa matairi yenye vyuma yanaruhusiwa wakati wa baridi, na kuanzia tarehe 15 Aprili hadi mwisho wa Oktoba yanapigwa marufuku kwa sababu yanakwangua lami. Mimi nazungumzia mahali ambapo chini hakufikiki, kwa hiyo lengo ni kutozama. Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: upepo ukishushwa, tairi haliongezeki sana upana, bali hurefuka. Alama yake chini inakuwa ndefu, mithili ya mnyororo wa katapila, na urefu huo ndio unaobeba na ndio unaoshika. Kwa hiyo tairi jembamba kiasi lenye kipenyo kikubwa na ukuta laini linaweza kulishinda tairi pana lenye ukuta mgumu wa tabaka kumi. Rafiki yangu mmoja alitumia fedha nyingi kununua matairi ya mwituni yenye sura ya kutisha, akashusha hadi PSI 8 na yakabaki yamesimama wima kama ngoma. Hayakulainika hata chembe.

---

Mchangiaji kutoka Nairobi

Boss, mimi naona ni afadhali mtu anunue Land Cruiser amalize maneno. Jimny ni gari la kwenda sokoni.

Mleta mada

Land Cruiser ni gari ninaloliheshimu, na safari ndefu za Vatnajökull, barafu ya kudumu iliyo kubwa kuliko zote huku, zinafanywa na magari ya namna hiyo, yakiwa yamefungwa matairi makubwa na matangi ya ziada. Hata hivyo lina uzito unaozidi mara mbili wa gari langu, na likikwama huhitaji lingine la kimo chake kulitoa. Jimny ikikwama, watu watatu wenye koleo wanaitoa. Nitakumbusha pia kwamba mwezi Aprili mwaka 2007 Wachile wawili, Gonzalo Bravo na Eduardo Canales, walipandisha Suzuki ndogo ya kizazi cha kabla ya Jimny yangu, ikiwa imefanyiwa marekebisho, kwenye mlima wa volkeno wa Ojos del Salado hadi mita 6,688, juu kuliko gari lolote lililokuwa limefika kabla yao, na kupita kilele cha Kilimanjaro kwa karibu mita 800. Wepesi nao ni nguvu ya aina yake.

Nisiwe muuzaji, lakini. Ubaya wake nao upo. Magari makubwa yanayotangulia huacha mifereji miwili ambayo umbali kati yake ni mkubwa kuliko wa magurudumu yangu, ambao ni kama mita 1.4 tu. Kwa hiyo nalazimika kwenda gurudumu moja likiwa ndani ya mfereji na jingine juu ya kingo, gari limeinama ubavu kutwa nzima, na shingo jioni haitaki kugeuka. Tangi ni la lita 40, na kwenye theluji nzito gari hunywa mara mbili au tatu ya kawaida, hivyo nabeba madumu mawili ya lita 20. Tena matairi ya inchi 31 yamerefusha gia kwa asilimia 18 hivi, na injini ya lita 1.3 inalihisi hilo kila kilima. Atakayeongeza zaidi ya hapo inabidi abadilishe meno ya difu au ya gia nzito.

---

Mchangiaji kutoka Durban

Mkuu, mimi nilipanda Sani Pass kuelekea Lesotho mwezi wa saba, theluji ikiwa imeanguka usiku uliotangulia. Sehemu zilizopigwa na jua zilikuwa na tope jepesi, ila kona zilizo kivulini zilikuwa barafu tupu, na gari langu lilianza kurudi nyuma lenyewe nikiwa nimekanyaga breki. Kushusha upepo kungenisaidia? Au minyororo?

Mleta mada

Pole sana, hiyo hali naijua na inaondoa mate mdomoni. Kwenye barafu tupu ya mteremko, upepo mdogo husaidia kidogo sana, kwa sababu shida hapo ni kushika, si kuzama. Minyororo, au matairi yenye vyuma, ndiyo jibu, na ifungwe kabla ya kona, mahali palipo tambarare, si baada ya kuanza kuteleza. Minyororo na upepo wa PSI 6 haviendi pamoja, maana tairi hulegea ndani ya mnyororo na mnyororo hupiga matao ya gari na mabomba ya breki. Ukifunga minyororo, rudisha upepo. Gari likianza kurudi nyuma lenyewe, weka rivasi, achia breki polepole na liache lishuke kwa injini huku magurudumu yakizunguka, kwa sababu gurudumu lililofungwa halifuati usukani. Najua moyo unakwambia ukanyage breki mpaka sakafuni.

---

Mchangiaji kutoka Mwanza

Ndugu mleta mada, tunaomba na upande wa vifaa. Na je, ile 4x4 ya kubonyeza kitufe ya Jimny za zamani inaaminika kwenye baridi?

Mleta mada

Nianze na kitufe. Kwenye umbo la gari langu, magurudumu ya mbele huunganishwa na shafti zake kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini kupitia mabomba membamba ya mpira. Bomba likizeeka na kupasuka, taa ya dashibodi inaweza kuwaka huku gurudumu la mbele halijashika. Kwa hiyo kila mwanzo wa majira naiinua mbele kwa jeki, naunganisha, na kujaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono nihakikishe shafti inafuata. Wengi hufunga vishikizo vya kuunganisha gurudumu na shafti kwa kuzungusha kwa mkono wakasahau suala hilo. Umbo jipya lililotoka mwaka 2018 limerudisha lever ya kuchagulia 4x4 badala ya kitufe, na likiwa kwenye 4L breki hulishika lenyewe gurudumu linalozunguka bure ili nguvu iende kwa jingine; nimeliendesha la jirani na nililitamani.

Vifaa vyangu si vingi: koleo mbili, moja ya chuma na nyingine pana ya alumini, ubao wa kuwekea jeki, kipimo cha upepo kinachosoma vizuri chini ya PSI 10, kwa kuwa vile vya vituo vya mafuta hubahatisha huko chini, kompresa, kamba ya nailoni inayonyumbuka, ramani kwenye GPS iliyohifadhi njia niliyojia, blanketi na chakula cha siku mbili. Kamba hufungwa kwenye ndoano iliyoshikiliwa na chesesi, kamwe si kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela, kwa sababu kikikatika hurushwa kama risasi, na watu wote wasimame mbali zaidi ya urefu wa kamba. Ukikwama na kuamua kusubiri ndani ya gari injini ikiwa inawaka, fukua kwanza egzosi na urudie kila baada ya muda, maana theluji ikiiziba, moshi huingia ndani, gesi ya sumu iliyomo (kaboni monoksaidi) haina harufu ya kukuonya, na watu huwa wanasinzia wasiamke. Siendi peke yangu, gari moja, hata siku moja. Na mabarafu ya kudumu, Langjökull na mengineyo, sikanyagi bila mwenyeji mwenye njia iliyopimwa karibuni, kwa sababu juu yake kuna nyufa zilizofunikwa ambazo zingemeza Jimny nzima na antena yake.

Safari ikiisha na kufika barabarani, usishawishike kuendesha hata kilomita kumi kwenye lami na PSI 6; ukuta wa tairi hupata moto na kupasuka kutoka ndani. Kompresa yangu ndogo huchukua kama dakika saba kwa kila tairi. Mara nyingi hapo ndipo tunapomalizia chai iliyobaki kwenye chupa, tumesimama upande wa gari usiopigwa na upepo.